Bunyonyi, Sipi, Bigodi au Ng'ambo? Kuchagua Kijiji cha Kutembelea Ukitokea Kampala

Vijiji vinavyolinganishwa hapa ni vitano. Vitatu viko Uganda: Rutinda pamoja na vitongoji vya jirani kando ya Ziwa Bunyonyi, Sipi kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na Bigodi pembezoni mwa msitu wa Kibale. Viwili viko ng'ambo: Hallstatt nchini Austria, na Ogimachi, kijiji kikuu cha Shirakawa-go nchini Japani. Nimeviweka kwenye mizani moja kwa sababu kila mwaka, Desemba inapokaribia, kuna mtu wa ukoo au mwanafunzi wangu wa zamani anayenitumia picha ya kijiji cha Ulaya chenye ziwa na theluji, akiniuliza kama inafaa kudunduliza akiba ya miaka miwili mitatu ili akakione, ilhali yeye mwenyewe hajawahi kufika Kabale, mji ulio karibu na Bunyonyi. Swali hilo ni la haki, na jibu lake halipatikani kwa kutazama picha, kwa kuwa kwenye simu Hallstatt na Bunyonyi hufanana mno: maji yaliyotulia, milima inayoyabana, ukungu wa asubuhi na mapaa machache yanayochungulia.

Kinachovitenganisha ni kazi. Kila kimojawapo kilipata sura yake kutokana na kazi ambayo watu waliifanya kwa kuwa ardhi haikuwapa njia nyingine: kuchimba chumvi, kukata matuta, kupanda kahawa, kuezeka paa linaloweza kubeba theluji. Kwa hiyo ninapolinganisha nauliza kwanza kama kazi hiyo bado inaendelea, kisha kama mgeni anaweza kuikaribia bila kuwa mzigo kwa wenyeji, na mwisho nauliza ni nani anayesafiri, maana kijiji kinachomfaa kijana wa miaka 25 chaweza kumtesa mama mwenye magoti yanayouma.

Bunyonyi na Hallstatt

Ziwa Bunyonyi liko mita 1,962 juu ya usawa wa bahari, katika wilaya za Kabale na Rubanda, na lina visiwa 29. Lilizaliwa pale lava ya volkeno ilipoziba bonde, maji yakapanda na kuingia katika mabonde madogo ya pembeni. Ndiyo sababu ziwa hili halikukaa kama sahani. Lina mikono mingi inayojipinda kati ya vilima, na aliye ndani ya mtumbwi hujiona kama anayetoka chumba kimoja na kuingia kingine. Vilima vyenyewe vimekatwa matuta kutoka karibu na ukingo wa maji hadi juu. Wakiga hulima humo mtama, viazi, maharage na njegere, na matuta hayo ndiyo yanayozuia udongo usiporomoke wote ziwani mvua inaponyesha. Mandhari hiyo iliwahi kuchapwa kwenye noti ya shilingi 5,000, ziwa na matuta yake pamoja, na naona waliochagua picha ile walielewa kwamba ziwa peke yake lingekuwa nusu tu ya uzuri huo.

Hallstatt nako kulijengwa na ufinyu. Mlima na ziwa vimekibana kijiji hivi kwamba nyumba zimepanda juu ya nyumba, na paa la jirani wa chini linakuwa mbele ya dirisha la jirani wa juu. Watu hawakukaa pale kwa kupenda mandhari. Walifuata chumvi iliyomo mlimani, ambayo imechimbwa kwa takriban miaka 7,000, na makaburi ya wachimbaji wa kale yalikuwa na hazina nyingi kiasi kwamba wanaakiolojia waliupa utamaduni mzima wa mwanzo wa Zama za Chuma barani Ulaya jina la kijiji hicho. UNESCO ililiingiza eneo hilo katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997.

Kinachonivutia katika kuvilinganisha viwili hivi ni kwamba vyote huweza kufikiwa kwa maji. Reli ya Hallstatt inapita ng'ambo ya pili ya ziwa, kwa hiyo abiria akishuka kwenye treni hukuta feri ndogo imefungwa gatini, na kijiji anakiona kwanza kwa mbali, kikikua polepole mnara wa kanisa ukitangulia. Bunyonyi unafika Kabale mjini, unachukua boda boda au gari dogo kwa takriban kilomita nane za kupanda na kushuka, kisha unakodi boti ya injini au mtumbwi pale Rutinda. Nawashauri wote wachukue mtumbwi angalau mara moja. Huchongwa kutoka gogo moja la mkaratusi, ni mzito na mrefu, na mgeni akishika kasia pekee yake huzunguka papo hapo badala ya kwenda mbele. Mwenyeji huketi nyuma, na kila anapomaliza kuvuta kasia huligeuza ubavu kidogo kabla ya kulitoa majini. Ni mzunguko mdogo wa kiwiko tu, lakini ndio unaonyoosha safari. Nilimtazama kijana mmoja akifanya hivyo kwa dakika arubaini bila kupumzika, huku mama mkwe wangu akiwa ameketi katikati amejifunga jaketi la kujiokolea juu ya gomesi yake.

Ni mama mkwe aliyeuliza habari za kisiwa chenye vichaka vichache tulichokuwa tunakipita. "Mwanangu, kile ndicho Akampene?" Kijana akajibu, "Ndicho, mama," akaacha kupiga kasia. Hadi nusu ya kwanza ya karne ya 20, msichana wa Kikiga aliyepata mimba kabla ya kuolewa aliweza kupelekwa kwenye kisiwa hicho na kuachwa humo bila chakula. Wengine walikufa kwa njaa au kwa kujaribu kuogelea. Wengine walichukuliwa na wanaume waliokosa ng'ombe wa mahari. Mama hakusema neno mpaka tulipofika Bwama, kisiwa ambako Leonard Sharp, daktari mmisionari Mwingereza aliyefika Kabale mwaka 1921, alianzisha kituo cha kutibu wakoma mwaka 1931. Leo Bwama kuna shule, na watoto huvuka kwa mitumbwi kwenda darasani. Anayekwenda Bunyonyi kwa ajili ya picha tu atapita katikati ya visiwa hivi viwili na kuviona kuwa sawa, kwa kuwa vyote ni vya kijani.

Hallstatt nako wafu wako karibu. Uwanja wa makaburi ulikuwa mdogo mno, ikabidi makaburi yafunguliwe baada ya miaka kadhaa na mifupa itolewe ili kumpisha maiti mwingine. Mafuvu yaliyosafishwa yalianikwa, yakachorwa maua na majani, yakaandikwa jina la mwenyewe. Katika chumba kidogo cha mifupa kuna mafuvu takriban 1,200, na zaidi ya 600 yamepambwa hivyo. Nilipoingia humo, kelele za nje zilikatika, nikaelewa kijiji kile kuliko nilivyokielewa kwa saa mbili za kutembea.

Kelele hizo, hata hivyo, ndizo kasoro kubwa ya Hallstatt, nami sitaificha. Wakazi wake hawafiki 800, lakini siku za kilele wageni hufika hadi 10,000 kwa siku. Sifa zake zilivuma kiasi kwamba nakala ya kijiji kizima ilijengwa katika mkoa wa Guangdong nchini China na kufunguliwa mwaka 2012. Mwezi Agosti 2023 wakazi waliandamana wakidai idadi ya mabasi na wageni ipunguzwe. Nilifika mwezi Juni nikitokea Salzburg kikazi. Kufikia saa tano asubuhi njia ya kando ya ziwa ilikuwa haipitiki bila kupigana vikumbo, na mzee mmoja aliyekuwa akitoka na kikapu cha taka alisubiri mlangoni pake hadi kundi zima limalize kupiga picha ya maua yake. Chumvi bado inatolewa mlimani kwa njia ya maji ya chumvi, lakini mgeni huiona kazi hiyo kama maonyesho ya kulipia tiketi. Bunyonyi, kinyume chake, mtu anayelima tuta mbele yako anapanda viazi vyake mwenyewe, na atakuwa hapo kesho kutwa uwepo usiwepo.

Kwa hiyo kati ya hivi viwili nachagua Bunyonyi bila kusita. Kama lazima uone Hallstatt, basi lala huko usiku mmoja, utoke kabla ya saa moja asubuhi wakati mabasi hayajafika, au nenda wakati wa baridi. Bunyonyi pia inadai maandalizi yake: usiku ni baridi kweli, hasa Juni na Julai, na sweta moja halitoshi. Ziwa halina viboko wala mamba, jambo linalowapa wengi ujasiri wa kuogelea, lakini kando huzama ghafla na mzazi asimwache mtoto peke yake. Chakula kizuri kuliko vyote ni kamba wa maji baridi wanaovuliwa ziwani, na anayependa asili aombe bushera, uji wa mtama ambao Wakiga hunywa shambani na sherehe.

Sipi na Bigodi

Hapa ulinganisho ni mgumu zaidi, kwa sababu vijiji hivi havifanani, na bado watu wengi hulazimika kuchagua kimoja kwa kuwa likizo ni ya siku tatu tu.

Sipi kuko wilaya ya Kapchorwa, nchi ya Wasabiny, upande wa Mlima Elgon unaotazama nyanda za kaskazini. Mto Sipi unaruka majabali mara tatu, na maporomoko makubwa kuliko yote yana urefu wa takriban mita 100. Asubuhi isiyo na mawingu unaweza kusimama ukingoni ukaona tambarare ya Karamoja ikiwa imetandazwa chini kama ngozi iliyoanikwa. Njia ya kuyazungukia maporomoko yote matatu hupita katikati ya migomba, mahindi na mibuni, juu ya madaraja ya magogo na ngazi za mbao, na huchukua karibu nusu siku. Si njia ya kila mtu. Mvua ikinyesha udongo mwekundu unateleza kama sabuni, na niliwahi kumwona mgeni mwenye viatu vizuri vya mjini akiteremshwa kwa kushikwa mikono miwili na vijana wa kijiji kwa mwendo wa zaidi ya saa moja. Vijana wenye mioyo migumu hushuka kwa kamba kando ya maporomoko makubwa. Wengine hupenda kusimama ndani ya pango nyuma ya maji, ambako upepo wake hulowesha nguo kabla hujakaribia.

Hata hivyo, kilichonifanya nirudi Sipi mara ya pili ni kahawa. Elgon hukuza arabika, na familia nyingi huwapokea wageni shambani mwao. Mama mmoja alinipa kikapu, akanionyesha kuchuma tunda lililoiva na kuwa jekundu kabisa na kuliacha lenye doa la kijani hata kama liko kwenye kishada kile kile. Tulimenya matunda kwa mashine ndogo ya kuzungusha kwa mkono. Buni zikatoka zimefunikwa utelezi mtamu. Kwa kuwa hizo zilihitaji kulowekwa, kuoshwa na kuanikwa siku nyingi, alichukua nyingine zilizokwisha kukauka, akazitwanga kwenye kinu ili ganda la ndani litoke, akapepeta kwa ungo, akazikaanga kwenye sufuria juu ya moto wa kuni. Alikaanga bila saa. Alisikiliza mlio wa kupasuka, akatazama mafuta yalivyoanza kung'aa juu ya buni, akaipua. Mwanawe akazitwanga tena, safari hii hadi zikawa unga, tukanywa. Nimekunywa kahawa maisha yangu yote na sikujua kwamba kikombe kimoja kina mikono mingi kiasi kile. Fedha niliyolipa ilikwenda moja kwa moja mkononi mwa yule mama, nami nadhani hilo ni jambo zuri kuliko mandhari yenyewe.

Kuna faida nyingine ya Sipi kwa msomaji wa Kiswahili. Lugha ya Wasabiny ni ya jamii moja na lugha za Wakalenjin wa Kenya, mpaka uko karibu, na biashara ya pande mbili imekieneza Kiswahili mno. Wazee wengi watakujibu bila kuhangaika. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005, lakini ni katika maeneo kama haya kinapotembea kwa miguu yake chenyewe. Amka mapema pia uone wakimbiaji barabarani. Kapchorwa ndiko alikotoka Stephen Kiprotich, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mjini London mwaka 2012, na Joshua Cheptegei, aliyetwaa dhahabu ya mita 10,000 mjini Paris mwaka 2024.

Bigodi hakuna jabali wala mandhari ya kukata pumzi. Ni kijiji cha tambarare kidogo, wilaya ya Kamwenge, takriban kilomita 40 kutoka Fort Portal, na anayepita kwa gari akiwa na haraka hataona sababu ya kusimama. Uzuri wake uko ndani ya bwawa la mafunjo la Magombe. Mwaka 1992 wanakijiji walianzisha jumuiya yao, KAFRED, wakaamua bwawa lisikaushwe kwa kilimo bali litunzwe na kuonyeshwa wageni, na mapato yake yamesaidia kuendeleza shule ya sekondari ya hapo kijijini. Matembezi ni ya saa tatu hivi, sehemu kubwa juu ya njia ya mbao iliyowekwa juu ya maji. Humo kuna aina zaidi ya 200 za ndege, akiwemo shorobo mkubwa wa buluu, ambaye anaporuka kutoka mti hadi mti huonekana mzito kuliko matawi yanayompokea. Mbega wekundu na mbega weusi kwa weupe hukaa juu ya njia bila wasiwasi. Anayetaka sokwe huwafuata ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kibale, yenye aina 13 za jamii ya nyani na kima, akianzia kituo cha Kanyanchu kilicho jirani.

Bigodi pia utapewa jina. Watooro wana majina ya heshima na mapenzi yaitwayo empaako, kumi na mawili kwa jumla, kama Amooti, Akiiki, Abwooli na Ateenyi, na mtu akikusalimu kwanza hukuuliza lako. Mgeni asiye nalo hupatiwa. UNESCO iliiingiza desturi hiyo mwaka 2013 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kwangu mimi, kusalimiwa kwa empaako asubuhi ya pili na mtu uliyekutana naye jana tu ni jambo linalobaki moyoni muda mrefu zaidi ya picha.

Basi nani aende wapi? Watoto wa miaka sita hadi kumi na miwili nawapeleka Bigodi: njia ni salama, wanyama ni wengi, na mtoto hachoki kwa kuwa kila hatua kuna kitu kinachotikisa jani. Wazee nao hutembea humo bila taabu. Vijana, wapenda milima, na yeyote anayetaka kutoka jasho kisha akanywa kitu kilichotoka mkononi mwake, waende Sipi. Wachumba wanaotaka utulivu nawaelekeza Bunyonyi.

Ogimachi: paa, moto na kazi ya pamoja

Iwapo mtu anasisitiza kwenda ng'ambo na ana uwezo, sitamzuia, bali nitamwomba aifikirie Japani kabla ya Austria. Nyumba za Ogimachi zina mapaa ya nyasi yenye mwinuko mkali, yaliyokutana juu kama viganja viwili vya mtu anayesali, na jina la mtindo huo, gassho, lina maana hiyo hiyo. Mwinuko huo unaporomosha theluji kabla haijalemea nyumba. Fremu ya paa imefungwa kwa kamba bila misumari, na dari zake pana zilitumika kufuga viwavi wa hariri. UNESCO ilikitambua kijiji hiki pamoja na viwili vya Gokayama mwaka 1995.

Sisi wa Kampala tuna sababu ya pekee ya kukielewa. Paa la Ogimachi huezekwa upya kila baada ya miaka 30 hadi 40, na hakuna familia inayoweza kazi hiyo peke yake. Kijiji kizima hujitokeza, watu wapatao 200 kwa nyumba moja, kwa utaratibu wa kusaidiana unaoitwa yui. Mganda ataitambua mara moja bulungi bwansi, na Mtanzania atasema huo ni msaragambo. Tena nyasi ni rafiki wa moto. Kila mwaka majira ya vuli wanakijiji hufungua mabomba ya maji kwa pamoja na kijiji chote kikafunikwa na pazia la maji yanayoruka juu ya mapaa, ili kuhakikisha kwamba mabomba hayajaziba. Anayekumbuka usiku wa tarehe 16 Machi 2010, nyumba kuu ya Kasubi, makaburi ya wafalme wa Buganda, ilipoteketea, haoni zoezi hilo kuwa burudani. Kasubi ilijengwa upya, ukoo wa Ngeye ukashika tena kazi yake ya kuezeka, na mwaka 2023 ikaondolewa katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini. Mtu anayekwenda Ogimachi bila kufika Kasubi kwanza, mwendo mfupi tu kutoka katikati ya Kampala, atakuwa amevuka mto kwenda kuchota maji.

Ogimachi pia kuna wageni wengi, na wakati wa theluji foleni za basi ni ndefu. Tofauti yake na Hallstatt ni kwamba unaweza kulala ndani ya nyumba ya nyasi yenyewe, ukala kando ya jiko la moto lililochimbwa sakafuni, na mwenye nyumba akakueleza ni lini paa lake liliezekwa na nani alishika kamba upande gani.

Kwa aliye na ndugu Uholanzi na mama asiyeweza kupanda ngazi, nataja kwa ufupi Giethoorn, kijiji cha tambarare ambacho sehemu yake ya kale haina barabara za magari. Mifereji yake ilichimbwa na wakata mboji ya kuchomea moto, na leo mgeni huketi botini akaona kila kitu bila kunyanyua mguu.

Safari, hati na majira

Kutoka Kampala, Sipi ni takriban kilomita 280 kupitia Mbale, Bigodi ni kilomita 340 hivi kupitia Fort Portal, na Bunyonyi ni zaidi ya 410 kupitia Masaka na Mbarara. Barabara kuu zote tatu ni za lami. Sipi unaweza kuondoka alfajiri ukala chakula cha mchana ukitazama maji; Bunyonyi siku nzima inaishia njiani, na ndiyo maana siku mbili hazitoshi.

Raia wa Kenya na Rwanda huingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, na raia wa nchi nyingine kadhaa za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawahitaji viza. Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda huwatoza raia wa Afrika Mashariki viingilio vya chini katika hifadhi. Maporomoko ya Sipi na bwawa la Bigodi viko nje ya hifadhi, kwa hiyo malipo yake hufanywa kijijini. Aliyefika Bunyonyi yuko karibu sana na Rwanda: Katuna, mpaka uliofungwa kwa takriban miaka mitatu hadi ulipofunguliwa Januari 2022, uko mwendo mfupi kutoka Kabale, na wilayani Musanze kuna Nkotsi, kijiji kilichotambuliwa mwaka 2021 na shirika la utalii la Umoja wa Mataifa miongoni mwa vijiji bora vya utalii duniani. Hallstatt na Giethoorn vinahitaji viza ya Schengen, ambayo ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024 na hairudishwi ombi likikataliwa. Ogimachi inahitaji viza ya Japani. Ada hiyo ya Schengen peke yake, kabla hujagusa nauli ya ndege, inatosha kumlipa mwongozaji, mama wa kahawa na kitanda cha kawaida Sipi.

Majira nayo yana neno. Desemba hadi Februari ni kiangazi Elgon na ndio wakati ambapo kahawa bado inachumwa na kuanikwa, hivyo Sipi iko katika ubora wake. Mvua kubwa za Elgon si za kubezwa: maporomoko ya ardhi yaliua watu wengi Bududa Machi 2010 na Bulambuli Novemba 2024, na barabara ya kwenda Sipi inapita wilaya hiyo ya Bulambuli. Aprili, Mei, na kuanzia Septemba hadi Novemba, piga simu kijijini kabla ya kuondoka na uulize hali ya njia, wala usione aibu kuahirisha. Bigodi hufikika mwaka mzima ukiwa na mabuti ya mpira.

Mwanafunzi aliyeniuliza mwaka huu ana miaka 26, ana mke, na ana akiba ambayo ingemfikisha Austria yeye peke yake. Nilimjibu kwamba waende Sipi wawili, walale usiku mbili, siku ya kwanza wazunguke maporomoko na siku ya pili waishinde shambani. Pasaka, wakijaliwa, wahamie Bunyonyi kwa siku nne. Na kilichobaki kikae benki kwa ajili ya Ogimachi. Nilimsisitizia waondoke kabla ya tarehe 20 Desemba, maana baada ya hapo nauli za kwenda mashambani hupanda maradufu na vyumba vyenye dirisha linalotazama maji huwa vimekwisha.